Jina Lililolipiwa Chiungutwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kugusa mashine. Bi. Lukia, aliyekuwa mpiga chapa mkuu wa chuo chetu cha ufundi hapa Newala, alinipa kiti karibu na dirisha, akanirundikia barua zilizokwisha kuchapwa, akasema, "Soma. Ukiona kosa usilirekebishe, niambie mimi." Nilisoma mpaka adhuhuri, nikamwambia sijaona kosa hata moja. Akachukua barua ya juu kabisa, akanionyesha jina la mzazi lililopungua herufi, kisha akanirudishia rundo lote nianze upya. Kesho yake nilianza tena. Mashine yenyewe niliigusa wiki iliyofuata, na nilipoigusa nilijiona kama nimekabidhiwa gari.

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana mliobaki ofisi ya kompyuta mmeniomba niwaachie kitu cha kusoma. Mambo ya vyeo na mishahara yamo kwenye jalada langu pale utawala, na jalada lenyewe ni jembamba. Nitawaandikia habari ya kazi, hasa kazi moja ambayo kila mwaka mnaniuliza nami nawajibu kwa kifupi: ile ya kuhamisha tovuti ya chuo kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Leo nina nafasi, nitaieleza yote.

Kompyuta za kwanza zilitufikia zikiwa na vumbi, na vumbi halikuwahi kuziacha. Ninyi mmekuja wakati vioo vya madirisha vipo. Sisi tulikuwa na wavu, na kiangazi kikianza, udongo mwekundu wa Newala uliingia ndani ya mashine kama una barua ya mwaliko. Aliyenifundisha kupambana nao ni Tito.

Tito alikuwa kijana wa Masasi, mdogo kwangu kwa umri, mwenye ofisi ndogo ya kompyuta pale Mkomaindo. Chuo kilimwita kuja kutufundisha, akaja na mkoba uliokuwa na bisibisi, brashi ya rangi na pampu ya baiskeli. Nilidhani amekuja kwa baiskeli. Kumbe pampu ilikuwa ya kompyuta. Alifungua kasha, akapuliza vumbi kwa pampu, akafuta kwa brashi, na mashine iliyokuwa imegoma tangu Pasaka ikawaka. Aliniita dada, mimi nikamwita mwalimu, na tukaendelea hivyo miaka yote. Alikuwa mtu wa kofia ya pama, ndani na nje, hata mbele ya mkuu wa chuo. Mkuu wa wakati ule alimwambia mara moja aivue. Tito akaivua kwa heshima, akaiweka juu ya kompyuta, akamaliza kazi, akaivaa tena.

Ndiye aliyetujengea tovuti ya kwanza. Alizunguka chuo kizima na kamera akipiga picha karakana ya useremala, darasa la ushonaji, na tangi la maji, maana alisema mzazi wa Newala akiona chuo kina tangi atamleta mtoto bila kuuliza swali lingine. Intaneti tuliipata kwa modemu ya simu iliyoning'inizwa dirishani kwa uzi, upande ule mmoja tu uliokuwa na mtandao. Ukurasa mmoja ulipanda kwa muda wa kupika maharage.

Siku ile tovuti ilipoanza kuonekana, Tito alinieleza jambo ambalo watu wengi bado wanalichanganya. "Dada, hapa kuna vitu viwili. Kuna jina, ile anwani mtu anayoiandika. Na kuna mahali kurasa zenyewe na barua pepe vinapokaa. Jina ni kama namba yako ya simu, na mahali pa kukaa ni kama simu ya mkononi. Simu ikiharibika unanunua nyingine, namba inabaki ileile. Ila namba ikipotea, hata uwe na simu nzuri namna gani, watu hawakupati." Kwa hiyo jina alilisajili kwenye kampuni moja na kurasa akazipangishia kwenye kampuni nyingine, zote za Dar es Salaam. Alilisajili kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, kwa kuwa wakati huo chuo hakikuwa na barua pepe hata moja. Alisema tutabadilisha baadaye. Baadaye hiyo ilikuwa ndefu.

Tito aliugua, akalazwa hospitali ya Ndanda, akarudi nyumbani, akaugua tena, akafariki. Tulikwenda kumzika Chiungutwa, kwao, na gari la chuo. Mkewe, Mama Shukuru, nilimwona siku ile tu, amekaa na wanawake wenzake, mtoto amelala mapajani. Tukarudi Newala. Kazi zake zote zikawa zangu, pamoja na ile pampu, ambayo ndugu zake walisema nichukue.

Tovuti iliendelea kuonekana, na ankara ya kampuni inayotunza kurasa ililetwa chuoni kila mwaka, uhasibu wakalipa. Miaka ikapita hivyo. Halafu kampuni ile ikaanza kuchechemea. Leo tovuti ipo, kesho haipo, barua pepe za wazazi zinarudi. Mwishowe wakatuandikia kwamba wanafunga biashara, kila mteja ahame kabla ya mwisho wa mwezi. Ulikuwa msimu wa maombi, wakati vijana kutoka Tandahimba, Nanyumbu na kwingineko wanatuma fomu zao kwa barua pepe. Nilipata kampuni mpya bila taabu. Msichana wa huko, mpole, akaniambia, "Mama, sisi tuko tayari. Ingia tu pale jina liliposajiliwa, ulielekeze kwenye seva zetu."

Pale jina liliposajiliwa. Nilikaa nikatazama simu. Mlango ule ulikuwa na ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo tulikuwa tumemzika.

Nikapiga simu kwenye kampuni ya usajili. Aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwenye jina ni Ndugu Tito. Tunazungumza naye yeye."

"Amefariki, baba."

"Pole sana, mama. Basi tunahitaji barua ya msimamizi wa mirathi, au mtu mwenye barua pepe na namba yake ya simu. Lakini msiwe na wasiwasi wa kulipoteza. Jina limelipiwa."

Nikamwambia haiwezekani, chuo hakijawahi kulipia jina tangu Tito afariki. Kwa kweli hata uhasibu hawakujua kwamba jina nalo hulipiwa.

"Linalipiwa kila mwaka, mama. Halijachelewa hata mara moja. Linalipwa kwa namba ya simu ileile iliyo kwenye akaunti."

Namba ya Tito ilikuwa bado kwenye simu yangu. Sikuwahi kuifuta, wala sikuwahi kuipiga. Nilitoka nje, nikasimama karibu na karakana, nikaipiga. Ikaita. Ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Haloo? Shikamoo, dada."

Hata kabla sijajitaja. Jina langu lilikuwa limehifadhiwa kwenye laini ile: Dada Chuo.

Nilipomweleza mkuu wa chuo, Mwalimu Hassani, alisema tuachane na habari hiyo, tununue jina jipya. Nikamwambia jina la zamani liko kwenye vyeti, kwenye kibao cha barabarani, na kwenye vichwa vya wazazi. Tena tukiliacha likafa, mtu yeyote atalichukua, atajenga chuo cha uongo juu yake na kuwaambia vijana watume ada. Hapo akanielewa kupita kiasi, akataka mwanasheria amwandikie mjane barua. Nikamwomba aniache niende mwenyewe kwanza.

Nilipanda basi la Masasi, nikamalizia kwa bodaboda. Mama Shukuru nilimkuta akitoka kwenye mikorosho yake, mikono na nyusi njano kwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, kitambaa kimefungwa puani. Alinawa, akanikaribisha barazani, akaleta ming'oko ya moto, vile viazi vya porini. Tuliulizana habari za nyumbani kwa zamu, habari za kazi, habari za mtoto. Shukuru alikuwa sekondari sasa, bweni. Hata tulipomaliza kumenya, hakuna aliyekuwa ametaja lililonileta.

Mwishowe nikasema, "Mama Shukuru, kuna kitu unakilipia kila mwaka kwa laini ya marehemu."

"Nalipia jina lake."

Aliingia ndani, akatoka na simu ndogo ya vibonye, akanifungulia ujumbe. Nilisoma mara mbili. *Ndugu Tito, jina lako linakaribia kuisha muda wake. Tafadhali lipia mapema ili lisifutwe.*

"Ulipokuja wa kwanza," alisema, "msiba ulikuwa bado mbichi. Sikujua ni watu gani. Nikadhani ni kazi aliyokuwa akifanya na watu wa Dar, kwamba huko wana orodha ya mafundi. Nikasema, kanisani wamemwandika kwenye kitabu cha marehemu. Bomani wamenipa cheti cha kifo. Kila ninakokwenda wanasema marehemu, marehemu. Hawa peke yao wanamwita Ndugu Tito, tena wanamwambia alipie asifutwe. Ningewaacha wamfute? Nikauza korosho kidogo, nikalipa. Mwaka uliofuata wakaandika tena. Nikalipa."

Nimefanya kazi na mashine miaka mingi na kosa la mashine huwa na namba, unaitafuta, unapata dawa. Hili halikuwa na namba. Nilikuwa na njia ya mkato: ningemwambia tu kwamba kampuni inataka uthibitisho, aniazime simu, nipokee tarakimu zinazotumwa, nimshukuru na kuondoka. Nikaona siwezi kula ming'oko ya mtu halafu nimfanyie hivyo.

"Mama Shukuru," nikasema, "jina wanalolisema si lake. Ni jina la chuo chetu, ile anwani ya tovuti. Yeye alitusajilia, kwa hiyo wao wanaandika kwake. Umekuwa ukitulipia sisi."

Kuku alipanda barazani, Mama Shukuru hakumfukuza.

"Kwa hiyo si Tito."

"Si Tito. Ila ni kazi ya mikono yake."

"Na chuo hakikujua?"

"Hakikujua."

"Mlikuja na gari kumzika," alisema taratibu. "Mkanipa pole. Basi. Nami huku nawalipia." Halafu akauliza, "Sasa umefuata nini?"

Nikamweleza. Kwamba tunahama, kwamba tunahitaji kuingia kwenye akaunti kwa tarakimu zitakazotumwa kwenye simu yake, kwamba tukishaingia tutaandika chuo kuwa mwenye jina, nasi ndio tutakaolipa.

"Na huu ujumbe?"

"Utakuja kwetu."

"Hautakuja kwangu tena."

"Hautakuja."

Akafunga kitambaa chake upya. "Leo sitoi, dada. Usinikasirikie. Leo siwezi."

Nilimwambia sijakasirika, na sikuwa nimekasirika. Alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akanifungia ming'oko iliyobaki kwenye mfuko. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, lakini njia nzima mpaka Newala sikuiwaza tovuti.

Mwalimu Hassani alikuwa mkali wa sauti, si wa moyo. Nilipomsimulia habari ya ujumbe ule alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Hakutaja mwanasheria. Siku ya pili alimwita dereva, wakaenda Chiungutwa yeye mwenyewe bila mimi. Dereva alinisimulia kwamba Mwalimu alibisha hodi, akaketi mkekani, akasema, "Mama, nimekuja kukushukuru kwa niaba ya chuo. Sikuja kuomba kitu." Kisha akanyamaza, jambo ambalo dereva alisema hajawahi kuliona. Mama Shukuru alimuuliza kama ni kweli watoto wanaomba nafasi kupitia hicho kitu cha Tito. Akamwambia karibu wote. Walikaa kidogo, wakaagana.

Siku chache baadaye, asubuhi, nikiwa nimefungua kasha la kompyuta ya maktaba nalipuliza kwa pampu, nikasikia hodi. Mama Shukuru alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya, simu ya vibonye ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kuiona kwanza."

"Marahaba. Kuiona nini?"

"Hiyo aliyoijenga. Sijawahi kuiona."

Nilimpa kiti changu. Bahati, siku ile kampuni ya zamani ilikuwa imeamka vizuri. Nikamfungulia ukurasa mmoja mmoja. Useremala. Ushonaji. Tangi la maji, akacheka, akasema Tito alikuwa hawezi kupita penye tangi bila kuligonga asikie limejaa kiasi gani. Tukafika kwenye picha ya wanafunzi wa uashi wamejipanga mbele ya ukuta wao, jua liko nyuma ya mpiga picha. Picha ile niliiona kila siku ya kazi. Mama Shukuru aliinamia kioo, akaweka kidole chini kabisa ya picha.

"Huyu hapa."

Kwenye mchanga, mbele ya miguu ya wanafunzi, palikuwa na kivuli cha mtu ameinua viwiko, na juu ya kichwa chake umbo la kofia ya pama. Miaka yote sikuwa nimekiona.

Alitazama mpaka akatosheka. Alipangusa macho kwa pembe ya kitenge, akakohoa, akaniuliza, "Mkihama, hii picha itahama nayo?"

"Itahama."

"Haya. Niambie nifanye nini."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pa kujifunza. Kwanza nilikuwa nimekwisha kunakili kila kitu: kurasa, picha, barua pepe zote, nikavipandisha kwenye kampuni mpya na kuvijaribu. Usivunje nyumba ya zamani kabla hujalala kwenye ile mpya usiku mmoja. Halafu tukaomba neno jipya la siri kwa ile barua pepe ya Tito. Tarakimu zikaingia kwenye simu ya Mama Shukuru, naye akanisomea moja moja, kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani. Kwa barua pepe hiyo tukaifungua akaunti ya jina. Nikabadilisha maelekezo ya seva kwenda kampuni mpya. Kisha nikafika kwenye sehemu ya mwenye jina. Barua yake ya usimamizi wa mirathi, aliyokuwa amekuja nayo, tuliipiga picha tukaituma, na kampuni ikakubali. Nikaandika jina la chuo, namba ya ofisi, na barua pepe ambayo haikai kwenye tovuti yetu wenyewe, ili siku tovuti ikizimika tusifungiwe nje. Kilichobaki ni kubonyeza.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kipanya. Akaniambia, "Ngoja. Mimi."

Nikamsogezea. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Alivuta pumzi, akabonyeza kwa nguvu kama anazima kibatari kwa kidole, na jina la Tito likaondoka, la chuo likakaa.

"Tayari?"

"Tayari."

"Kumbe hakuna sauti," alisema.

Mwalimu Hassani alimwandalia chai ofisini kwake, akamweleza kwamba chini ya tovuti tutaandika nani aliijenga. Akaitikia kwa kichwa tu. Nadhani yeye kivuli kilimtosha. Wakati wananywa chai, nusu ya watu waliona tovuti kutoka kampuni mpya na nusu kutoka ya zamani, kama inavyokuwa siku zote mpaka mabadiliko yasambae. Mwalimu alikuwa katika nusu ya zamani, na kampuni ya zamani ikaamua kuzimika muda huohuo. Alitoka na simu mkononi akiniita kwa sauti ya paredi. Nikamwambia asubiri hadi kesho. Hakuna ushauri mgumu kumpa mkuu kama kusubiri, lakini alisubiri, na kesho yake tovuti ilikuwepo. Hakuna ombi la mwanafunzi lililopotea mwaka ule. Tangu hapo kila jina, kila akaunti, kila laini ya simu ya chuo imesajiliwa kwa chuo, na watu wawili wanazijua. Mkiniona mkali kwa jambo hilo, mmejua sababu.

Nilifanya kazi nyingine nyingi baada ya hiyo. Nilihamisha tovuti mara nyingine tena, bila kumlilia mtu. Nilifundisha wengi wenu kupuliza vumbi. Nimeridhika. Naamka sasa bila kengele, napalilia mihogo yangu, na simu ikiita si lazima iwe kompyuta ya mtu.

Mwaka mmoja baada ya uhamisho ule, simu yangu iliita, namba ya Tito. Sikushtuka tena. Shikamoo, marahaba, habari za Shukuru, habari za salfa.

"Dada," akasema Mama Shukuru, "mwaka huu hawajaniandikia."

"Wametuandikia sisi."

"Mmelipa?"

"Nimelipa jana, mimi mwenyewe."

Nilisikia jogoo wa kwake.

"Maana nilikuwa nimekwisha kutenga hela," akasema.

"Sasa utafanyia nini?"

"Sijui." Akafikiri. "Tangu msiba sijasuka. Kesho nakwenda Masasi, nikasuke."

Alikwenda. Jumapili alinitumia picha kwa simu ya jirani, kichwa kimegeuzwa upande ili mistari yote ionekane.